Ufunguo wa Gari la Kasanda

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi anawe uso kwanza, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sitausema mimi. Mtausema nyinyi.

Walikuwepo watu watatu katika vijiji vya ukingo wa msitu, upande wa Sikonge, na kila mmoja alikuwa na jambo moja alilowazidi wenzake.

Wande alikuwa na sikio na jicho la injini. Alikuwa ameendesha trekta za mashamba ya tumbaku kwa miaka kumi na miwili, na angeweza kusimama mlangoni kwako, akasikia gari likipita barabara ya juu, akakwambia linaumwa nini. Lakini mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Nati ngumu hakuiweza.

Sagali alikuwa na mikono. Alitunza mashine ya kusaga unga, mtu wa maneno machache, na mikono yake haikujua haraka. Kitu kilichoshika kutu mpaka kikashikamana, yeye alikaa nacho hadi kikaachia bila kuvunjika. Lakini ugonjwa wa gari hakuujua. Alijua kufungua na kufunga.

Lubango alikuwa na miguu, na moyo usiogeuka njiani. Alisafirisha mizigo ya watu kwa baiskeli, na ukimtuma kitu, hata kama hujui kinapatikana wapi, alirudi nacho. Injini kwake ilikuwa chuma tu.

Watatu hawa hawakuwa ndugu wala marafiki, na kila mmoja alikaa kijiji chake. Aliyewakutanisha ni mwanamke aitwaye Nyamizi, na hadithi yenyewe ni yake.

Nyamizi alikuwa na miaka sitini na mmoja. Yeye na mumewe Kasanda hawakujaliwa mtoto. Walirina asali, wakaipeleka mnadani kwa pikapu yao kuukuu ya rangi ya kijani, wawili mbele, madebe nyuma. Siku moja gari lilichemka njiani kurudi. Kasanda alilizima, akangoja lipoe, akaliongeza maji, akalifikisha uani kwa shida. Alimwaga maji yote ya rejeta, akafunga boneti, akasema, "Nitalifungua Jumatatu." Ijumaa homa ikamshika. Jumapili wakamzika.

Gari likabaki pale pale lilipozimwa, miaka miwili. Kuku walitaga chini yake. Nyamizi alilifagilia pembeni kila asubuhi, na vumbi la kioo alilifuta kwa kanga, lakini mlango wa dereva hakuwahi kuufungua.

Majirani nao walikuwa wamepungua. Kituo cha kukaushia tumbaku kilipofungwa, watu walihama nyumba moja baada ya nyingine, hata upande ule wa kijiji ukabaki na moshi wa jiko moja tu asubuhi, jiko lake. Siku nyingine ilifika saa nane mchana hajatamka neno, na akitamka, ni kumfukuza kuku.

Ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki hai alikuwa mdogo wake, Milembe, aliyekaa Inyonga, ng'ambo ya msitu. Basi lilikuwa limeacha kupita tangu daraja libomoke. Pikipiki hakuiweza, kwa kuwa nyonga yake iliwahi kuvunjika, na kukaa kwa kupanua miguu yalikuwa maumivu yasiyovumilika. Walizungumza kwa simu tu, Nyamizi akipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao. Siku moja Milembe akamwambia, "Dada, juzi nimejaribu kuikumbuka sura yako, ikanijia ya mama. Yako haikuja."

Nyamizi alishuka kwenye kichuguu kile akakaa chini kwa muda. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mbele ya watu akasema:

"Gari la Kasanda mnalijua. Mimi sijui kuliendesha, na sina mtoto wa kumwachia. Atakayelifanya litembee, akanifikisha kwa mdogo wangu na kunirudisha, nitampa ufunguo. Gari litakuwa lake. Sharti langu ni moja: asiliuze. Sitaki kuliona likikatwa vyuma."

Mafundi wawili walikuja wiki ile ile. Wa kwanza alitaka kubadilisha pampu ya maji, akaenda kuitafuta, hakurudi. Wa pili hakuinama hata kidogo. "Mama, injini imekufa hiyo," alisema, akanawa mikono ambayo haikuchafuka, akaondoka. Kisha siku kumi zikapita bila mtu kuingia uani.

Ndipo akaja Wande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata asali?"

"Nimefuata gari." Hakuligusa kwanza. Alivuta kigoda akaketi, akauliza, "Siku ile lilipochemka, moshi wa nyuma ulikuwa wa rangi gani?"

Nyamizi alishtuka. Tangu mazishi, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za siku ile. "Mweupe," alisema. "Mweupe kama mvuke wa sufuria."

"Na maji, mlikuwa mnaongeza?"

"Kila safari madumu mawili. Tunafika hayana kitu, na chini halivuji hata tone. Kasanda alisema gari linakunywa maji kama ng'ombe."

Wande akacheka, na Nyamizi akajikuta anacheka pia. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Wande akafungua boneti, akazungusha kifuniko cha kujazia oili, akamwonyesha upande wake wa ndani. Ulikuwa na utando mzito, wa rangi ya chai ya maziwa. "Hapa maji na oili vimekutana, mama, na havitakiwi kukutana. Injini ina sehemu mbili kubwa. Hii ya chini, na hii iliyokaa juu kama mfuniko. Hii ya juu ndiyo hedi. Katikati yake kuna bamba jembamba linaloitwa gasketi. Hilo limeungua. Mengine nadhani ni mazima." Alimpa Nyamizi kijiko, akamwelekeza amimine oili safi kidogo kwenye tundu la kila plagi. Kesho yake alirudi, akamwekea spana kwenye gurudumu la mbele ya injini, wakavuta pamoja. Likazunguka polepole, bila kukwaruza.

"Haijafa," Wande alisema. "Lakini hedi lazima itoke, na mkono wangu hauwezi. Atakayeitoa mwambie hivi: boliti ni kumi. Aanzie za mwisho pande zote mbili aje katikati, kila moja kidogo kidogo, arudie. Akifungua moja akaimaliza, hedi itapinda." Akayaandika hayo kwa mkaa ukutani, akaenda zake kuvuna karanga.

Ndipo akaja Sagali.

Alisoma ukuta mara mbili, akavua shati. Alitoa betri, akatoa mipira ya maji, akatoa bomba la eksozi na lile la kuvutia hewa, akafungua mfuniko wa juu na kuchomoa fito za vali moja moja. Kila alichokitoa alikichomeka kwenye kipande cha boksi alichokitoboa matundu na kukichora, ili kila kitu kirudi mahali pake. Kisha akazigusa zile boliti kumi, kutoka pembeni kuja katikati, robo ya mzunguko, tena robo. Tisa zilitii. Ya kumi, ya kona ya nyuma, ikakataa.

Nyamizi aliona jinsi mtu mwingine angefanya. Angechukua bomba refu, akalichomeka kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Sagali aliweka spana chini. "Ikikatika kichwa, tumekwisha," alisema. Akadondoshea oili matone machache, akaigonga taratibu kwa nyundo, akaifunika kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Akangoja. Akarudia. Jioni alirudi kwake, na asubuhi alikuwa amefika kabla uji haujaiva.

Ilichukua siku nne. Siku hizo Nyamizi alipika uji wa watu wawili. Sagali hakuzungumza sana, lakini alikuwapo. Ukitazama uani unaona mgongo wa mtu. Siku ya nne, spana ikatoa mlio mdogo na boliti ikasogea. Sagali hakushangilia. Aliirudisha kidogo, akailegeza tena, akaenda hivyo hivyo mpaka ikatoka nzima.

Hedi nayo ilikuwa imegandamana. Hakuichokonoa kwa bisibisi. Aliigonga kwa kipande cha mti, huku na huku, hata ikaachia. "Shika huko, mama," akasema, nao wakainyanyua wawili, moja kwa moja juu, wakailaza kwenye gunia.

Gasketi ilikuwa mbele yao. Sagali akamwonyesha kwa kidole. Katikati ya matundu mawili makubwa, bamba lilikuwa limeungua na kuacha upenyo hadi kwenye njia ya maji, upenyo usiozidi upana wa punje ya hindi.

"Hiki tu?" Nyamizi akauliza.

"Hiki tu, mama."

Nyamizi aliingia ndani, akakaa kitandani. Sagali hakumfuata. Alifunika injini kwa gunia safi na kumngoja.

Alipotoka, Sagali alikuwa ameweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, na chini yake palionekana mwanga. Hedi ilikuwa imepinda kwa lile joto. "Hii inahitaji kuchongwa kwa mashine, mjini Tabora," alisema. "Na gasketi nyingine. Hayo siyawezi." Akafunga mkoba wake akarudi kwenye mashine yake ya unga, ambako watu walikuwa wamemngoja siku nne.

Ndipo akaja Lubango.

Ulikuwa msimu wa mvua na barabara ilikuwa imekatika sehemu tatu. Aliiviringisha hedi kwenye blanketi, akaifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira, akachukua ndoo ya asali ya kumlipa mchongaji, na ile gasketi mbovu akaivaa begani. "Nitarudi nayo, mama," alisema. "Siku sijui."

Penye matope alisukuma. Penye maji alivusha baiskeli kwanza, akarudi kuibeba hedi kichwani. Alipofika Tabora umeme ulikuwa umekatika, akalala siku mbili mlangoni kwa mchongaji. Hedi ilipokwisha kunyooka, alianza kutafuta gasketi, duka kwa duka, akililinganisha bamba bovu na kila lililokuwapo. Wote walimjibu jambo lile lile: gari hilo limepitwa, tafuta injini nyingine. Akapanda baiskeli akaenda Nzega. Huko, katika duka la muuza vipuri mmoja mzee, aliiona ikining'inia ukutani nyuma ya kalenda, tundu kwa tundu sawasawa na ile ya begani.

Siku hizo zote Nyamizi alikuwa peke yake na injini iliyo wazi. Na upweke huu ulikuwa mzito kuliko ule wa zamani, kwa kuwa sasa masikio yake yalikuwa yamezoea hatua za mtu. Asubuhi alipima maji ya uji ya watu wawili, akayapunguza.

Siku ya kumi na moja Lubango alitokea, miguu imevimba, gasketi mpya ameibana kati ya mbao mbili isipinde. Alipoulizwa habari za njia alisema tu, "Njema, mama. Nipe maji."

Wande akaitwa, na Sagali akaitwa, na kwa mara ya kwanza watatu wale wakakutana katika ua mmoja. Sagali alisafisha uso wa injini mpaka ukang'aa. Wakalaza gasketi, wakashusha hedi. Wande alisimama akitaja boliti, sasa kutoka katikati kwenda pembeni, na Sagali akakaza, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lubango akateka maji kisimani na kujaza rejeta, wakabadilisha oili, wakarudisha betri iliyokwisha kuchajiwa. Walibishana, walitaniana, walikula ugali kwenye sinia moja, na Nyamizi alipita katikati yao akibeba vitu visivyohitajika, ili mradi apite.

Gari liliwaka mara ya nne. Lilikohoa moshi mweusi, likatetemeka, likatulia. Wande akaweka kiganja nyuma ya eksozi, akakinusa, akawaonyesha. Kilikuwa kikavu.

Nyamizi akafungua mlango wa mbele, akaketi upande wake wa siku zote.

Wakaenda Inyonga wote wanne. Wande aliendesha, sikio lake likiwa kwenye injini. Sagali alikaa nyuma na spana, na kila waliposimama alikagua. Lubango alijua njia ya kulikwepa daraja. Maji ya rejeta hayakupungua hata kikombe.

Milembe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alimtazama dada yake akishuka kwa shida, akasimama, ungo ukaanguka. "Kumbe ndiyo hii," alisema, akimshika mashavu. "Kumbe ndiyo hii sura." Walikaa pamoja siku sita. Lakini ile ilikuwa nyumba ya mkwe wa Milembe, yenye watoto saba na vyumba viwili, na Nyamizi alilala kwenye mkeka uliotandikwa kila jioni na kukunjwa kila asubuhi. Siku ya saba waliagana. Wote wawili walijua kwamba wanaagana kwa mara ya mwisho.

Uani kwake, Wande alizima gari, akachomoa ufunguo, akamkabidhi Nyamizi kwa mikono miwili. Kisha wakakaa, maana ahadi ilikuwa ya mtu mmoja na wao walikuwa watatu.

Wande akasema, "Mama, fundi aliyenitangulia alikwambia gari hili limekufa. Mimi ndiye niliyesema liko hai. Ningenyamaza, wenzangu hawa wangekuja kufanya nini?"

Sagali akasema, "Ni kweli aliujua ugonjwa. Lakini kuujua hakukuifungua ile boliti. Ingekatika, hedi isingetoka, na hata hiyo gasketi isingekuwa na kazi."

Lubango akasema, "Mngebaki na hedi iliyopinda kwenye gunia. Hata ingefungwa kwa ustadi gani, ingechemka kabla ya mto wa kwanza. Kilichokosekana kilikuwa Nzega, na aliyefika Nzega ni mimi."

Hawakupandishiana sauti, na kila mmoja alikubali kwamba wenzake wamesema kweli. Hilo ndilo lililozidi kuwa gumu.

"Tulishike kwa zamu," Wande alipendekeza.

Nyamizi akatikisa kichwa. Kasanda na kaka yake waliwahi kushika plau moja kwa zamu, wakaishia kutosalimiana hadi kifo. Kuliuza wakagawana alikuwa amekukataza mwenyewe. "Nipeni siku tatu," alisema.

Wakaondoka, kila mmoja na njia yake, na ua ukanyamaza.

Siku ya kwanza alimfikiria Wande, aliyemuuliza habari za siku ile ya mwisho ya Kasanda, akangoja jibu. Siku ya pili alimfikiria Sagali na mgongo wake uliokuwa ukionekana uani. Siku ya tatu alimfikiria Lubango aliyeomba maji tu. Alivyowapima ndivyo walivyozidi kulingana. Hapo akagundua jambo ambalo hakulipenda: si haki peke yake iliyomchelewesha. Maadamu ufunguo uko kwake, watarudi wote watatu kuusikiliza. Akishautoa, mmoja ataondoka na gari, na wawili hawatakuwa tena na la kuwaleta. Pengine hata yule wa tatu.

Asubuhi ya nne aliona watu njiani. Walikuwa wanakuja, Wande kutoka mashariki, Sagali kutoka barabara ya juu na Lubango mbali nyuma yake, bado hawajaonana. Nyamizi alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, uji wa watu wanne ukichemka jikoni.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu," akaitikia, akawatazama mmoja mmoja.

Mimi hapo naishia. Aliyeujua ugonjwa, aliyeitoa hedi nzima, na aliyekileta kilichokosekana: mtoe mmoja wao, na gari lingekuwa bado limelaliwa na kuku. Nyinyi mliosikiliza, mwambieni Nyamizi autie ufunguo mkononi mwa nani. Na wewe unayejibu upesi, jibu na hili: ungekuwa wewe ndiye uliyesimama mlangoni pale, ungeutoa leo?